Dawa za dizeli na oili kwa gari yenye umri: maswali yenu na majibu

Mara hii maswali mengi mliyotuma yanahusu kitu kimoja, zile chupa ndogo za kumimina kwenye tenki au kwenye injini, kila moja imeandikwa inaongeza nguvu, inapunguza moshi, inafufua injini. Nimechagua yale yanayowagusa wengi. Wote mlioandika mna gari za dizeli za zamani, kwa hiyo majibu haya ni ya gari hizo, wenye gari mpya zenye filta ya masizi kwenye ekzosi someni kwa tahadhari maana kuna vitu hapa vitawaharibia.

SWALI: Habari fundi, nina gari ya dizeli ya miaka ya tisini, haina turbo ya kusukumia hewa kwenye injini, pampu yake ya dizeli ni ile fupi ya kuzunguka, paipu za nozo, yaani vile vipuliza dizeli ndani ya injini, zote zinatokea nyuma yake. Kuna jamaa ananiambia dizeli ya siku hizi ni kavu, imetolewa salfa, itaniulia pampu, kwa hiyo kila nikijaza tenki nichanganye na oili ya tu-stroki. Ni kweli au ananitisha tu?

JIBU: Nzuri mkuu. Jamaa yako ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ina historia yake, ngoja nikupe yote maana hapa ndipo watu wanapotumia hela nyingi bila kujua wanalinda nini.

Dizeli ya zamani ilikuwa na salfa nyingi sana. Ulaya mwaka 1994 kiwango cha juu kilikuwa sehemu 2000 kwa kila milioni, mwaka 1996 kikashushwa hadi 500, na tangu 2009 ni 10 tu. Marekani nao wakaanza na 15 mwaka 2006. Sasa salfa yenyewe siyo inayolainisha chuma, watu wengi wanakosea hapo, shida ni kwamba kiwandani wakiiondoa kwa haidrojeni na moto mkali, ile kazi inaondoa pia vitu vingine vidogo vidogo ndani ya dizeli ambavyo ndivyo vilikuwa vinashika kwenye chuma na kuweka utando mwembamba wa kuzuia msuguano. Uswidi walileta dizeli ya salfa kidogo sana mapema kabla ya wengi, mwaka 1991, na pampu zikaanza kufa kweli, hiyo siyo hadithi. Ndiyo maana baada ya hapo viwanda vikaanza kutia dawa ya ulainishaji kwenye dizeli kabla haijafika kwenye vituo, na vikaweka kipimo chake. Kipimo chenyewe kinafanywa hivi, kigololi cha chuma kinasuguliwa juu ya kibati cha chuma ndani ya dizeli yenye joto la nyuzi 60 kwa dakika 75, halafu wanapima alama iliyobaki kwenye kigololi. Kwa viwango vya Ulaya haitakiwi kuzidi mikroni 460, Marekani 520, mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Alama ikiwa kubwa ujue dizeli hiyo hailainishi.

Kwa hiyo kama unajaza dizeli inayofuata kipimo hicho, pampu yako tayari inapata ulinzi bila wewe kuongeza chochote. Wasiwasi unaanza pale ambapo huna uhakika na unachojaziwa, hasa ikiwa imechakachuliwa kwa mafuta ya taa, maana mafuta ya taa ni mepesi na yanalainisha vibaya kuliko dizeli. Hapo aina ya pampu ndiyo inayoamua uogope kiasi gani. Hiyo yako ya kuzunguka inalainishwa na dizeli peke yake, ndani hakuna tone la oili ya injini, kila kinachosuguana mle kinategemea mafuta unayojaza. Zile pampu ndefu za msitari, zenye planja moja, kile kifimbo kinachosukuma dizeli, kwa kila silinda, nyingi kemushafti yake, yaani shafti inayozisukuma planja, inapata oili ya injini, planja tu ndizo zinategemea dizeli, kwa hiyo zinavumilia zaidi. Nawe una ile isiyovumilia, kwa hiyo kuweka dawa ya ulainishaji siyo ujinga hata kidogo, hasa ukijaza sehemu usizozifahamu.

Sasa oili ya tu-stroki. Imetengenezwa iungue pamoja na petroli kwenye injini ndogo, haijatengenezwa kulinda pampu ya dizeli. Wanaoichanganya wanaweka kama moja kwa 200, yaani mililita 200 kwenye lita 40, na kwa gari ya zamani isiyo na filta ya masizi sijaona ikivunja kitu kwa kipimo hicho, lakini nyingine zina madini yanayoacha majivu kwenye nozo na kwenye vichwa vya pistoni, na hakuna mtu aliyeipima kwa kazi unayotaka ifanye. Ukiwa na hela ya kununua chupa nunua iliyoandikwa wazi kwamba inaongeza ulainishaji wa dizeli, fuata kipimo chake, usizidishe. Na kama kituo unachojaza kinauza dizeli iliyochanganywa na biodizeli kidogo, yaani dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au wanyama, hata asilimia 2 tu inaongeza ulainishaji vizuri sana, viwango vya Ulaya vinaruhusu mpaka 7. Tahadhari moja, biodizeli nyingi inaufanya mpira wa zamani ulegee na kuvimba, kwa hiyo gari ya umri huo angalia hosi za mafuta na sili za pampu kama hazijaanza kulowa.

SWALI: Shikamoo fundi. Gari niliachiwa na marehemu baba, dizeli ya zamani. Nikikanyaga mafuta kupanda mlima inatoa moshi mweusi tii mpaka naona aibu. Nimeweka dawa ya kusafisha nozo, nikarudia tena, sijaona tofauti. Niongeze nyingine au nitafute iliyo kali zaidi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Usiongeze nyingine kwanza. Moshi mweusi unasema kitu kimoja tu, dizeli ni nyingi kuliko hewa iliyopo ya kuichoma. Kwa hiyo swali la kwanza ni hewa iko wapi, na hewa haina dawa ya chupa. Fungua filta ya hewa uione kwa macho yako, kama ina turbo angalia mabomba yake yote na klipu zake maana bomba likipasuka upande wa chini huwezi kuliona ukiwa umesimama, na uliza kama kuna fundi aliwahi kukaza ile skrubu ya mafuta kwenye pampu ili gari iwe na nguvu, hii inafanyika sana kwenye gari za zamani na matokeo yake ndiyo huo moshi.

Hewa ikiwa sawa ndipo tunaenda kwenye nozo. Dawa ya kusafisha ina kisafishi ambacho kinayeyusha utando wa masizi na gundi kwenye ncha ya nozo, kwa hiyo inasaidia pale ambapo nozo ni nzima ila imechafuka, na dalili ya hali hiyo ni kwamba gari ilikuwa vizuri halafu pole pole ikaanza kutetemeka ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kuwaka kwa shida, na moshi kuongezeka kidogo kidogo. Hapo utaona mabadiliko ndani ya tenki moja au mbili. Usipoona, basi tatizo siyo uchafu. Springi ya nozo ikichoka, ile shinikizo inayofungulia inashuka, kwenye injini za zamani zenye chumba cha pembeni inatakiwa kuwa kama baa 120 hadi 150 na kwenye zinazopuliza moja kwa moja juu ya pistoni ni kuanzia karibu 200 kwenda juu, na ikishuka nozo inafunguka mapema, inadondosha matone badala ya kupuliza ukungu. Kiti chake kikiliwa inavuja hata ikiwa imefungwa. Chuma kilicholika hakirudi, hata umimine ndoo nzima ya dawa.

Kwa hiyo hela ya chupa inayofuata peleka kwa fundi wa nozo mwenye ile mashine ya mkono ya kupimia. Atazifunga moja moja, atavuta mkono, utaona mwenyewe ipi inapuliza ukungu mzuri na ipi inakojoa, na mara nyingi ni moja au mbili tu ndizo mbovu. Simama mbali kidogo na usiweke kidole mbele ya nozo kabisa, dizeli ya shinikizo lile inapenya ngozi kama sindano na ikiingia mwilini ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda unakiona kidogo.

Na kwa wengine ambao mnatumia dawa hizi kwa mara ya kwanza kwenye gari ambayo tenki yake haijawahi kuoshwa, nunueni na filta ya dizeli ya akiba kabisa, maana uchafu ukiachia unaenda kujaa hapo na gari inaanza kukatakata, watu wanasema dawa imeua gari wakati ni filta tu imeziba.

SWALI: Fundi, je naweza kuchanganya petroli kidogo kwenye dizeli ili isafishe mfumo? Mzee wangu alikuwa anafanya hivyo.

JIBU: Usifanye. Petroli inaondoa ulainishaji, inashusha wepesi wa dizeli kuwaka yenyewe kwa hiyo injini inagonga, na tenki lako linakuwa na mvuke wa hatari zaidi. Mafuta ya taa kidogo kwenye baridi kali ili dizeli isigande, hilo liliruhusiwa kwenye vitabu vya gari nyingi za zamani na ndiko wazee walikolitoa, lakini lilikuwa ni la baridi tu, siyo la kusafisha.

SWALI: Salaam. Gari yangu inakula oili, karibu lita moja kati ya kumwaga oili na kumwaga tena. Muuzaji amenipa dawa nzito kama asali, anasema ukiiweka inaacha kabisa kula. Nimeiweka kabatini kwanza nisubiri jibu lako.

JIBU: Umefanya vizuri kusubiri. Kwanza lita moja kwa kipindi chote hicho kwa injini ya dizeli ya zamani siyo ugonjwa, hiyo ni injini inayoonesha umri wake na ingependa tu uangalie stiki ya kupimia oili mara kwa mara. Kama ni lita kila wiki hapo ni kitu kingine.

Hiyo dawa nzito ni polima za kuifanya oili iwe nzito zaidi ikiwa ya moto. Oili nzito inapita kwa shida kwenye ringi za pistoni zilizolika, kwa hiyo ulaji unapungua kidogo na kelele zinapungua, ndiyo maana watu wanaisifia. Ila asubuhi ile oili inachelewa kufika juu kwenye vali na kwenye turbo kama ipo, na uchakavu mwingi wa injini unatokea hapo hapo inapowaka ikiwa ya baridi, kwa hiyo unanyamazisha kelele huku unaongeza kinachoileta. Kama unataka oili nzito kidogo nunua oili ya daraja zito ambalo kitabu cha gari kinaruhusu, kwa mfano kutoka 10W-40 kwenda 15W-40 au hata 20W-50 sehemu za joto, ile imechanganywa na kupimwa kiwandani kama kitu kimoja.

Kabla ya yote tafuta oili inaenda wapi. Moshi wa bluu ukiwasha asubuhi halafu unapotea, hizo mara nyingi ni sili za vali. Moshi wa bluu ukikanyaga mafuta, fikiria ringi au turbo. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, ikitoa upepo wa nguvu unaopuliza mvuke kama sufuria, ringi zimechoka na hapo fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa kwenye silinda. Na kama haina moshi wowote basi inavuja, lala chini uangalie. Kwa uvujaji mdogo wa sili iliyokauka, zile dawa za kulainisha na kuvimbisha sili nakubali zinaweza kusaidia kwa muda, hasa sili ya nyuma ya kranki ambayo kuibadilisha ni kushusha giaboksi. Sili iliyokatika haitarudi.

Kitu kimoja nakuomba sana, usijaze oili kupita alama ya juu ukifikiri unajiwekea akiba. Injini ya dizeli inaweza kuwaka kwa oili yake yenyewe, oili ikizidi ikavutwa kwenye njia ya hewa injini inakimbia yenyewe hata ukizima swichi, na watu wameona injini zikipasuka kwa hilo.

SWALI: Vipi hizi dawa za oili zinazosema zinaweka utando wa tefloni ndani ya injini, unaweka mara moja unasahau?

JIBU: Achana nazo. Marekani tume yao ya biashara iliishtaki mwaka 1996 kampuni iliyokuwa inauza dawa maarufu ya aina hiyo, Slick 50, kwamba matangazo yake ya kupunguza uchakavu hayakuwa na ushahidi, na mwaka 1997 kesi ikaisha kwa makubaliano, kampuni ikazuiwa kudai vile bila ushahidi wa kisayansi. Chembe ngumu zisizoyeyuka hutaki ziwe zinazunguka kwenye oili yako, zinaishia kwenye filta au kwenye vijia vyembamba. Oili nzuri ya dizeli tayari ina dawa zake ndani, zinki na fosforasi za kuzuia chuma kugusana, visafishi, na vya kushikilia masizi yasigandane, na vimewekwa kwa uwiano, ukiongeza kingine juu yake unaweza kuvuruga kilichokuwa kinafanya kazi.

SWALI: Mkuu basi tuambie oili gani. Nikienda dukani naona CF, CI-4, CK-4, na jamaa mwingine ananiambia oili mpya ni nyepesi haifai injini ya zamani. Halafu fundi wangu anataka aoshe injini kwanza na dawa ya dakika kumi.

JIBU: Hapa ndipo hela yako inapofanya kazi kuliko dawa zote tulizozungumza, kwa hiyo soma taratibu. Herufi C kwenye alama za API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga viwango vya oili, ni za dizeli, S ni za petroli, nyingi zina zote mbili. Herufi inayofuata ikisonga mbele ni oili mpya zaidi, CF-4 ilikuja 1990, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, CJ-4 mwaka 2006 na CK-4 mwishoni mwa 2016. Kwa kawaida mpya inabeba kazi ya zile za nyuma yake, kwa hiyo CK-4 ya 15W-40 kwenye injini iliyoandikiwa CF-4 haina tatizo. Aliyekuambia oili mpya ni nyepesi pengine alisikia kuhusu FA-4, ilitoka pamoja na CK-4, hiyo kweli ni nyepesi na siyo ya injini za zamani, ukiona FA-4 irudishe kwenye rafu.

Ila kuna jambo wauzaji wengi hawalisemi. CJ-4 na CK-4 zimepunguziwa majivu ili kulinda filta za masizi za gari mpya, na zimetengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 500 kwa milioni, na hata ikizidi 15 tu API wenyewe wanasema muda wa kumwaga oili unaweza kuathirika. Salfa ikiungua inatengeneza asidi, asidi inaliwa na akiba ya alkali kwenye oili, akiba ikiisha asidi inaanza kula beringi. Kwa hiyo kama dizeli unayopata ina salfa nyingi, CI-4 yenye akiba kubwa ya alkali inaweza kukufaa zaidi kuliko hiyo mpya ya bei, na umwage mapema.

Kuosha injini, kwa gari ambayo historia yake huijui mimi siungi mkono. Dawa ile inabandua tope la miaka yote kwa wakati mmoja, na lile tope likienda kuziba chujio la pampu ya oili chini kwenye sampo, lile beseni la oili chini ya injini, presha inashuka na injini inakufa ikiwa na oili imejaa. Weka oili nzuri ya dizeli, imwage mapema kuliko kawaida pamoja na filta, rudia hivyo mara mbili tatu, visafishi vilivyomo vitaitoa hiyo takataka pole pole bila kukutia hasara. Na usishtuke oili ikigeuka nyeusi siku chache baada ya kubadilisha, kwenye dizeli huo weusi ni masizi yaliyoshikiliwa kwenye oili badala ya kuganda kwenye chuma.

SWALI: Gari ilikaa miezi mingi bila kuendeshwa. Sasa filta ya dizeli inaziba kila baada ya muda mfupi, nikiikata ndani kuna ute mweusi unanuka. Kuna dawa?

JIBU: Hii ndiyo ambayo dawa ipo na ni ya lazima. Huo ute ni vijidudu, bakteria na ukungu, vinaishi pale maji yanapokutana na dizeli chini ya tenki, na tenki likikaa nusu tupu maji yanaingia yenyewe kwa unyevu wa hewa. Unahitaji dawa ya kuua vijidudu iliyotengenezwa kwa dizeli, dawa ya nozo haiui. Lakini ukiua bila kutoa maji vitarudi, na maiti zake zote zitakuja kwenye filta. Kwa hiyo anza kwa kufungua tenki chini utoe maji na tope, ikiwezekana lishushwe lioshwe, ndipo utie dawa kwa kipimo cha kwanza cha kuua ambacho ni kikubwa kuliko cha kuzuia, uiache ikae kama walivyoandika, halafu uwe na filta mbili za akiba. Vaa glavu, hiyo ni sumu kweli. Baadaye fungua ile koki ya kutolea maji chini ya filta kila mara unapoangalia oili. Zile dawa za spiriti zinazochanganya maji na dizeli ili yapite, kwenye gari yenye maji mengi hivyo sizitaki, maji yakipita kwenye pampu yanaiua.

SWALI: Fundi nisaidie haraka. Oili yangu haipungui, inaongezeka. Kwenye stiki imepita alama na inanuka dizeli. Niweke dawa ya kuifanya nzito tena?

JIBU: Usiwashe hiyo gari. Dizeli inaingia kwenye oili, mara nyingi ni sili ya shafti ya pampu, au pampu ndogo ya kuvuta mafuta iliyotoboka ngozi, au nozo inayovuja ndani. Oili iliyochanganyika na dizeli hailainishi beringi, na kwa vile imezidi inaweza kukimbiza injini kama nilivyosema pale juu. Mwite fundi aje hapo hapo ilipo, aanze na hiyo pampu ndogo ya kuvuta kwa sababu ndiyo rahisi kuangalia na rahisi kubadilisha, kisha sili ya pampu, kisha nozo. Ikishapatikana inayovujisha, mwaga oili yote na filta yake, weka mpya, iache injini ingurume kidogo halafu pima stiki kabla hujaenda popote, na upime tena kesho yake asubuhi.